Mtoto Hujuaje Maana ya Neno? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtoto anapotamka neno kwa mara ya kwanza, walio karibu naye hufurahi na mara nyingi huchukulia kwamba neno hilo sasa analijua. Majibu yaliyomo hapa yanaanzia mahali pengine: kutamka ni jambo moja na kujua maana ni jambo jingine, na kati ya mawili hayo hupita majuma, miezi na, kwa baadhi ya maneno, miaka. Tafiti nyingi zinazotajwa zilifanywa kwa watoto wanaokua na Kiingereza, lakini mifano imetolewa kwa Kiswahili, na pale ambapo muundo wa lugha yetu unabadilisha jambo, tofauti hiyo imeelezwa.

Ugumu uko wapi? Si mtu mzima huonyesha kitu, akakitaja, na mtoto akashika?

Hivyo ndivyo wengi wanavyodhani, na ndivyo alivyodhani hata Augustino wa Hippo, karne nyingi zilizopita, alipoeleza jinsi alivyojifunza kusema. Mwaka 1960 mwanafalsafa wa Marekani W. V. O. Quine alitoa fumbo linaloonyesha upungufu wa maelezo hayo. Mgeni yuko na mwenyeji, na mgeni huyo hajui lugha ya mwenyeji. Sungura anapita mbio, na mwenyeji anasema "gavagai". Je, amemaanisha sungura, au manyoya yake, au mbio zenyewe, au "tazama", au "kitoweo hicho"? Kidole kilichonyooshwa hakiwezi kujibu swali hilo, kwa sababu kinaelekea kwenye mambo hayo yote kwa wakati mmoja.

Mtoto ndiye mgeni huyo kila siku. Akionyeshwa kikombe chenye maziwa na kuambiwa "kikombe", yaliyo mbele yake ni chombo, maziwa, weupe, mpini, joto, na tendo la kunywa litakalofuata. Isitoshe, maneno mengi hayaonyesheki kabisa. Hakuna mahali pa kunyooshea kidole ukisema "bado", "labda" au "kumbuka". Hata maneno yanayoonyesheka kwa kawaida husemwa wakati kitu chenyewe hakipo, kama pale mzazi anapouliza kiatu kimoja kimekwenda wapi.

Mtoto huanza kuelewa maneno akiwa na umri gani?

Mapema kuliko anavyoanza kuyasema. Mtoto wa takriban miezi minne na nusu husikiliza jina lake kwa muda mrefu zaidi kuliko majina mengine, ingawa hilo linathibitisha tu kwamba sauti ile anaifahamu, si kwamba anajua ni yeye anayetajwa. Mwaka 2012 Elika Bergelson na Daniel Swingley walichapisha utafiti uliowaonyesha watoto wa miezi 6 hadi 9 picha mbili kwa pamoja huku mzazi akitaja mojawapo, kama vile chakula fulani au sehemu ya mwili. Kwa wastani watoto hao waliielekezea macho picha iliyotajwa, ingawa walikuwa hawajatamka neno hata moja.

Kabla ya hapo kuna kazi nyingine ambayo sisi tumekwisha isahau, nayo ni kulitambua neno lenyewe ndani ya mtiririko wa maneno. Usemi hauna nafasi kati ya neno na neno kama maandishi yalivyo. Mwaka 1996 Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi minane lugha ya kubuni kwa dakika mbili tu, silabi zikifuatana bila kituo, na watoto wakaweza kutofautisha silabi zinazoandamana daima na zile zilizokutana kwa bahati. Anayekua na Kiswahili ana msaada wa ziada, kwa kuwa mkazo wetu huangukia karibu kila mara silabi ya pili kutoka mwisho, na hivyo huashiria kwamba neno linakaribia kwisha. Ana mzigo wa ziada vilevile: "nilete", "uniletee", "ameletewa" na "tutakuletea" ni lazima siku moja yajulikane kwake kuwa yana kiini kimoja.

Basi mtoto hutumia nini kukisia maana?

Hutumia vielekezi kadhaa kwa pamoja, na hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake.

Cha kwanza ni dhana kwamba jina jipya ni la kitu kizima, wala si la sehemu yake, rangi yake au kitendo chake. Dhana hii humwondolea mtoto sehemu kubwa ya fumbo la Quine kabla hajaanza kulifikiria. Inaambatana na mwelekeo wa kulipeleka jina kwenye vitu vyenye umbo moja: Barbara Landau, Linda Smith na Susan Jones walionyesha mwaka 1988 kwamba watoto wa miaka miwili na mitatu, wakifundishwa jina la kitu wasichokijua, hulitumia kwa kitu kingine chenye umbo lile lile hata kikiwa kikubwa zaidi au kimetengenezwa kwa kitu tofauti.

Cha pili ni kutopenda kukipa kitu kimoja majina mawili. Mweke mtoto wa miaka mitatu mbele ya kijiko na kifaa cha ajabu ambacho hajawahi kukiona, kisha umwombe "kibeso", neno ambalo halipo. Atakupa kile kifaa. Hoja yake, kama ingesemwa wazi, ni kwamba kijiko kina jina tayari. Ellen Markman na Gwyn Wachtel walilichunguza jambo hili mwaka 1988, na walikuta pia kwamba kitu kikiwa na jina linalojulikana, neno jipya linaweza kuchukuliwa kuwa la sehemu yake. Kielekezi hiki hupotosha wakati mwingine. Mtoto anayemjua "paka" anaweza kukataa kabisa kwamba paka ni "mnyama", na atatatizika akiambiwa "paka mafuta", kwa kuwa neno hilo tayari lina mwenyewe.

Cha tatu, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndicho kikuu, ni kumsoma msemaji. Mtoto hajiulizi sana neno hili ni la kitu gani. Hujiuliza mtu huyu anakusudia nini. Katika majaribio ya Dare Baldwin ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtoto wa takriban miezi 18 alikuwa akiangalia kichezeo chake wakati mtu mzima alipotaja neno jipya huku akitazama ndani ya ndoo. Kama watoto wangekuwa wanafunga tu neno kwenye kile wanachokitazama, wangekosea. Badala yake waliinua macho, wakafuata mtazamo wa mtu mzima, na baadaye walilitumia neno kwa kilichokuwa ndani ya ndoo.

Tena mtoto halazimiki kulimaliza jambo siku moja. Linda Smith na Chen Yu walionyesha mwaka 2008 kwamba watoto wa miezi 12 na 14, wakisikia maneno kadhaa mbele ya vitu kadhaa bila kuambiwa kipi ni kipi, hukusanya ushahidi kutoka tukio moja hadi jingine mpaka neno likapata kitu chake.

Je, ni kweli kwamba mtoto hujifunza neno kwa kulisikia mara moja tu?

Ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayosahauliwa. Dai hili limetokana na utafiti wa Susan Carey na Elsa Bartlett wa mwaka 1978. Watoto wa miaka mitatu na minne waliombwa, katikati ya shughuli zao za kawaida, kuleta sinia lenye rangi iliyotajwa kwa neno wasilolijua, "si lile la buluu". Sinia la pili lilikuwa na rangi ya zeituni. Baada ya siku kadhaa baadhi yao walikuwa bado wanakumbuka kitu kuhusu neno lile, kwa mfano kwamba ni jina la rangi, ingawa si lazima wakumbuke ni rangi ipi. Ubashiri wa haraka ulikuwepo. Maana kamili haikuwepo.

Mwaka 2008 Jessica Horst na Larissa Samuelson waliongeza tahadhari. Watoto wa miezi 24 walichagua vizuri kitu kipya waliposikia neno jipya, lakini dakika tano baadaye wengi hawakulikumbuka tena. Hali ilikuwa nzuri zaidi pale mtu mzima alipokiinua kitu hicho na kukitaja waziwazi. Kuchagua kwa usahihi sasa hivi na kuweka akibani ni kazi mbili.

Kwa nini mwanangu huita kila mnyama "paka"?

Kwa sababu ana maneno machache na mambo mengi ya kusema. Watoto wengi, hasa kati ya mwaka mmoja na miaka miwili na nusu, hulitanua neno: kila kitu cha mviringo ni "mpira", kila mwanamume ni "baba". Eve Clark, aliyeichambua hali hii tangu mwaka 1973, alionyesha kwamba kutanua huko hufuata mfanano ulio wazi, zaidi wa umbo. Kabla ya kuhitimisha kwamba mtoto hajui tofauti, mwekee picha ya paka na ya mbuzi, umwambie akuonyeshe paka. Mara nyingi ataonyesha sawasawa, jambo linalodokeza kwamba alipokuwa akimwita mbuzi paka alikuwa akiazima neno lililokuwa karibu.

Kosa la kinyume halionekani kwa urahisi, kwa hiyo halilalamikiwi. Mtoto ambaye kwake "gari" ni lile linaloegeshwa mlangoni tu, na si jingine lolote, hatamki jambo lisilo sahihi. Hukaa kimya tu magari mengine yanapopita.

Vitenzi navyo? Kitendo hakikai kikaangaliwa.

Hapa ndipo sarufi inapoingia kazini. Mwaka 1957 Roger Brown aliwaonyesha watoto wa umri wa kabla ya shule picha ya mikono ikivuruga kitu laini ndani ya chombo, akatumia neno moja la kubuni kwa namna tatu: kama jina la kitendo, kama jina la kitu kinachohesabika, na kama jina la kitu kisichohesabika. Watoto waliolisikia neno kama jina la kitendo walichagua picha yenye mikono inayofanya vivyo hivyo. Wa kundi la pili walichagua chombo. Wa tatu, ule mchanganyiko. Picha haikubadilika. Kilichobadilika ni umbo la neno.

Lila Gleitman aliendeleza wazo hili kwa kusema kwamba sentensi nzima ni dirisha la maana ya kitenzi. Kwa Kiswahili dirisha hilo ni pana mno. Mtoto akisikia "anamgesa", hata kama hajui kugesa ni nini, kile kiambishi "-m-" kimemwambia kwamba kuna anayetenda na kuna anayetendewa. Akisikia "wanagesana", anajua kila mmoja anamtenda mwenzake. Akisikia "amegeswa", anajua wa kumtazama ni yule aliyefikwa na jambo. Vilevile upatanisho wa kisarufi hutoa siri za nomino: "kibeso kimeanguka" ni kitu, lakini "kibeso ameanguka" ni kiumbe chenye uhai, kama kipepeo au kiboko. Mtoto anayeizingatia sauti hiyo moja amekwisha kuondoa nusu ya makisio.

Upande wa pili wa sarafu ni kitenzi kama "piga". Mtoto hupiga mpira, mzazi hupiga simu, mwingine hupiga pasi, hupiga mswaki, hupiga picha, hupiga magoti, hupiga kelele. Asingeweza kuipata maana kwa kutazama kitendo, maana vitendo hivyo havifanani. Humlazimu kulichukua fungu zima, "piga pasi", kama kwamba ni neno moja, na kugundua baadaye sana kwamba lina sehemu mbili. Watu wazima wanaojifunza Kiswahili hulalamikia jambo hili; watoto hawalalamiki, huendelea tu.

Mtoto asiyeona hujifunzaje maneno kama "ona" na "tazama"?

Hujifunza, na jinsi anavyojifunza inafundisha mengi. Landau na Gleitman walieleza mwaka 1985 habari za msichana mdogo asiyeona tangu utotoni ambaye, alipoambiwa atazame juu, aliinua mikono yake. Watoto wanaoona, hata wakifungwa kitambaa machoni, waliinua uso. Kwake "tazama" lilikuwa neno la kupapasa kwa makusudi ili kujua, na alilitofautisha na kugusa kwa kawaida. Alielewa pia kwamba wengine hutumia macho na kwamba kitu kikiwekwa nyuma ya kizuizi hawatakiona. Maana hiyo hakuipata kwa kuona. Aliijenga kutokana na mazungumzo.

Mbona mtoto wangu huhesabu mpaka kumi lakini hawezi kunipa vitu vitatu?

Huu ndio mfano ulio wazi kuliko yote wa umbali uliopo kati ya neno na maana yake. Karen Wynn alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba mtoto anaweza kukariri mfululizo wa hesabu bila kujua kila neno linataja idadi gani. Ukimwomba vitu vitatu hukupa konzi nzima ya vitu. Kwanza huja "moja", ambayo hutoa bila kosa; miezi kadhaa baadaye huja "mbili", kisha "tatu". Baada ya hapo, kwa kawaida kati ya miaka mitatu na nusu na minne, kitu hufunguka, na mtoto huelewa kwamba neno la mwisho alilolitaja akihesabu ndilo jibu la "ngapi". Yote huchukua takriban mwaka mmoja. Mtoto wa Kiswahili hubeba pia viambishi, kwani wapo watu wawili, vitu viwili na magari mawili, ilhali sita, saba na tisa hazibadiliki.

Maneno ya rangi hufanana na haya: mtoto hujua kwamba "nyekundu" ni jibu la swali la rangi muda mrefu kabla ya kujua ni rangi ipi, ingawa macho yake hutofautisha rangi tangu uchanga. "Jana" na "kesho" nayo hubadilishana kwa muda, na mtoto wa miaka mitatu anayesema "jana tutakwenda" anajua tayari kwamba neno hilo ni la siku isiyo leo.

Je, video za kufundisha watoto wachanga zinasaidia?

Kwa watoto wadogo sana, kidogo mno. Utafiti wa Judy DeLoache na wenzake wa mwaka 2010 uliwafuatilia watoto wa miezi 12 hadi 18 waliotazama video ya maneno nyumbani kwa mwezi mmoja. Hawakujua maneno mengi kuliko wale ambao hawakuitazama kabisa, na waliofanya vizuri zaidi ni wale waliofundishwa maneno yale yale na wazazi wao bila video. Linalostahili kutajwa ni kwamba wazazi walioipenda video ndio walioamini zaidi kwamba mtoto wao amejifunza. Skrini yenyewe si tatizo: mwaka 2014 Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff waliripoti kwamba watoto wa miezi 24 hadi 30 walijifunza vitenzi vipya kutoka kwa mtu aliyezungumza nao moja kwa moja kwa njia ya video, lakini si kutoka kwenye rekodi. Kinachokosekana kwenye rekodi ni mtu anayejibu.

Nizungumze naye kiasi gani?

Wengi wamesikia kuhusu "pengo la maneno milioni 30". Takwimu hiyo ilitolewa mwaka 1995 na Betty Hart na Todd Risley, ambao walifuatilia familia 42 nchini Marekani na kukadiria tofauti ya maneno ambayo watoto wa familia maskini na wa familia zenye uwezo walikuwa wameyasikia kufikia umri wa miaka mitatu. Imenukuliwa kupita uzito wake. Familia zilikuwa chache, na watafiti wengine, wakihesabu usemi wa watu wote waliomzunguka mtoto, hawakuliona pengo hilo kwa ukubwa uliodaiwa. Kinachoungwa mkono na tafiti nyingi zaidi ni mazungumzo ya kupokezana, na kukitaja kile ambacho mtoto tayari anakiangalia badala ya kumvuta aangalie kingine. Kuhesabu maneno kwa siku ni kazi isiyo na faida.

Lugha mbili nyumbani zitamchanganya?

Hapana. Kwa kila lugha peke yake anaweza kuwa na maneno machache kuliko mwenzake wa lugha moja, lakini yakijumlishwa kwa kawaida hulingana. Jambo la kupendeza ni kwamba watoto wa lugha mbili hushikilia kwa ulegevu zaidi ile kanuni ya kitu kimoja jina moja; wamezoea kwamba kitu kina majina mawili.

Nimsahihishe anapotumia neno vibaya?

Msahihishe kwa kumpa neno, si kwa kumkataza. "Siyo, huyo si paka" humwacha mahali alipokuwa. "Huyo ni mbuzi, ana pembe, na paka hana" humpa jina, na pia sababu ya kulitenga na lile la kwanza. Kurudia kitabu kile kile, ambako huwachosha wakubwa, nako kuna faida: watoto wa miaka mitatu hushika zaidi maneno mapya wanaposomewa hadithi moja mara kadhaa kuliko wanaposomewa hadithi tofauti zenye maneno hayo hayo.

Ni wakati gani wa kuwa na wasiwasi?

Tofauti kati ya watoto ni kubwa, na wengi wanaochelewa huja kuwafikia wenzao. Hata hivyo, tafuta ushauri ikiwa mtoto wa miezi 12 habwabwaji wala hanyooshi kidole wala kutumia ishara nyingine, au ikiwa wa miezi 24 ana maneno chini ya 50 na haunganishi maneno mawili. Kwa anayekua na lugha mbili, hesabu maneno ya lugha zote. Hatua ya kwanza iwe kupima usikivu, kwa kuwa masikio yenye tatizo dogo hupita bila kugunduliwa. Mtoto wa umri wowote anayepoteza maneno aliyokuwa nayo apelekwe kwa mtaalamu bila kungoja. Mtoto kiziwi anayezungukwa na lugha ya alama tangu mwanzo hupata maneno kwa ratiba inayokaribiana na ya watoto wanaosikia.

Akiniuliza maana ya neno nami nikashindwa kulieleza, nifanyeje?

Usitafute fasili ya kamusi. Hata mtu mzima mara chache hujifunza neno kwa fasili. Litie kwenye sentensi mbili tatu zinazotofautiana. Akiuliza "kusita" ni nini, mwambie kwamba jana alisimama kidogo mlangoni kabla ya kuingia kwa sababu hakuwa na uhakika, na kwamba paka husita kabla ya kuruka. Kisha mwombe akutajie wakati mwingine ambapo mtu alisita. Jibu lake, hata likiwa na kasoro, litakuonyesha amefika wapi.